Kubadilisha raba za injekta kwa gari ya zamani: maswali ambayo watu wanauliza kila mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wenye kikumi (Toyota Corolla ya 100), Premio, Raum, Spacio, Ipsum na gari ingine yoyote ya petroli ambayo imekula chumvi kwa barabara zetu hizi. Karibu kila kitu hapa ni cha injini ya EFI ya kawaida, yaani ile injekta zake zimechomekwa kwa manifoldi ya kuingiza hewa. D-4 na GDI (zile zinazopuliza petroli ndani ya silinda yenyewe), na dizeli, ziko na majibu yao huko chini, usichukue maelezo ya huku juu ukaenda nayo kwa hizo.

Hizi raba ni gani hasa, na ziko wapi?

Kila injekta, yaani kile kifaa kinachopulizia injini petroli, imeshikwa sehemu mbili. Juu inaingia kwa reli, ile bomba ya chuma inayogawia injekta zote petroli, na hapo kuna oringi (raba ya duara) nyembamba inayozuia petroli yenye presha isitoke nje. Chini inaingia kwa manifoldi, na hapo kuna raba nene inayozuia hewa isiingie pembeni. Toyota nyingi za miaka ya 90 ziko pia na raba ya tatu, imevaa shingo ya injekta chini kidogo ya ile oringi ya juu, kazi yake ni kuikalisha vizuri na kupunguza mtetemo. Kwa hiyo injini ya silinda 4 inaweza kuwa na raba 12, na watu wengi wananunua 4 za juu tu halafu wanashangaa mbona gari bado inasumbua.

Nitajuaje kama zimeisha?

Inategemea ni ya juu ama ya chini, maana hizi mbili zinaharibika kwa njia tofauti kabisa.

Ya juu ikiisha utasikia harufu. Mara nyingi ni asubuhi, unapiga stata na dakika ya kwanza harufu ya petroli inaingia mpaka ndani ya gari, halafu injini ikishapata moto harufu inapotea na wewe unasahau. Sababu yake ni kwamba raba iliyozeeka imekuwa ngumu, kukiwa na baridi inajikunja na kuacha nafasi, ikipata joto inatanuka tena na kuziba. Ndiyo maana mtu wa Kabale kwenye baridi anaiona shida hii mapema kuliko mtu wa Gulu kwenye joto. Ukifungua boneti utaona shingo ya injekta moja imelowa, ama vumbi limeoshwa pale peke yake na sehemu zingine zote zimejaa vumbi jekundu. Dalili ingine ni gari kuchelewa kuwaka baada ya kulala, kwa sababu presha yote imetoka usiku, ingawa hiyo inaweza pia kuwa pampu ama regyuleta ya presha, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Ya chini ikiisha hakuna harufu, kuna hewa. Injini inavuta hewa ambayo kompyuta haijaipima, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, gari inatetemeka ikiwa imesimama, inamisi, saa ingine unasikia sauti ya ssss karibu na injekta, lakini ukikanyaga mafuta inatulia na inakimbia vizuri tu. Hiyo ya kutulia ukikanyaga ndiyo alama kubwa, maana hewa ya wizi inaumiza zaidi wakati mizunguko ya injini iko chini na vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifoldi) ni kali, ukifungua hewa nyingi ile kidogo ya pembeni inamezwa.

Sasa hapa kuna kitu mafundi wengi wanaruka. Gari zinazopima hewa kwa sensa ya vakyumu, kama 5A ya kikumi, hazionyeshi hii shida kama zile zenye sensa ya hewa kwa bomba. Sensa ya vakyumu inaona hewa imeongezeka, kompyuta inaongeza petroli, na matokeo yake injini inapanda mizunguko yenyewe badala ya kutetemeka sana. Mwenye gari anaenda kuregezewa silensa (mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama), inashuka, kesho imepanda tena.

Naweza kuendelea kuendesha tu, nikipata pesa ndiyo nitengeneze?

Ya chini, ndiyo, kwa muda mfupi, ingawa injini inayokosa petroli inapata joto zaidi na vitu vya ndani vinaumia polepole.

Ya juu, hapana. Hapa naomba unisikie vizuri ndugu yangu. Petroli kwa reli iko na presha ya karibu bar 3, yaani psi 40 na kitu, na raba ikipasuka haidondoshi tu, inapuliza, na pembeni kuna disteributa, kuna waya za plagi ambazo mpira wake umechoka, kuna altaneta, kuna ekzosi yenye moto. Gari inaungua kwa dakika chache sana na kama uko kwa jam ya Jinja Road na watoto kiti cha nyuma hutapata muda wa kufikiri. Ukiona petroli imelowa kwa injekta, zima, usiiwashe tena kwenda nayo gereji, mwite fundi aje ama uivute. Seti nzima ya raba haifiki hata bei ya kujaza tenki, kwa hiyo mambo ya pesa hapa si sababu.

Kwa nini zinaharibika? Gari yangu haijafikisha hata kilomita nyingi.

Kilomita si tatizo, tatizo ni miaka na joto. Hizi raba zinakaa juu ya injini, kila siku zinapikwa na kupoa, na gari nyingi huku zilitoka Japani zikiwa tayari na umri. Sheria ya Uganda iliyobadilishwa mwaka 2018 ilizuia kuingiza gari yenye miaka 15 ama zaidi tangu itengenezwe, lakini zile zilizoingia kabla bado ziko barabarani, na hata ile ya miaka 12 ikishuka leo raba zake ni za miaka 12, hakuna mtu alizibadilisha Yokohama.

Joto baya zaidi si la safari ndefu. Ukitembea kutoka Kampala mpaka Masindi upepo unapoza injini. Ni ile jam, na ile dakika 20 baada ya kuzima, maji hayazunguki tena, feni imekufa, joto lote linapanda juu na kukaa pale kwa reli. Ongeza mtetemo wa barabara za murram. Ongeza pia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ama iliyokaa kwa chupa juani pembeni ya barabara.

Hii habari ya petroli kuchanganywa na ethanoli, itaathiri raba zangu?

Inaweza. Uganda ilipitisha sheria ya mafuta ya mimea mwaka 2020 ambayo inaruhusu kuchanganya na petroli, na gari nyingi za miaka ya 90 zilitengenezwa bila kufikiria hiyo. Raba za zamani zilizokauka ndizo zinaumia kwanza. Ukiwa unabadilisha sasa hivi, chagua raba inayovumilia ethanoli na hutakuwa na wasiwasi.

Nitahakikishaje kabla ya kufungua kitu chochote?

Kwa hewa: washa injini, iache isimame inaunguruma, chukua chupa ndogo ya kupuliza maji na upulizie kidogo kidogo pale chini ya kila injekta, moja baada ya ingine. Ukifika kwa ile mbaya, sauti ya injini itabadilika sekunde moja ama mbili. Epuka disteributa na waya za plagi. Mafundi wengi wanatumia dawa ya kusafisha kabureta na kweli inaonyesha haraka zaidi, lakini ile inawaka moto, na mimi siwezi kumshauri mtu apulize kitu kinachowaka juu ya injini yenye joto wakati maji yanafanya kazi ileile. Njia ingine ni kipande cha bomba la mpira, upande mmoja sikioni, upande mwingine unautembeza karibu na kila injekta, utasikia pale hewa inapovutwa. Kuwa mwangalifu na mikanda na feni.

Kama una mashine ya kusoma na gari inakubali, angalia kodi (namba ya kosa) P0171, yaani petroli ni kidogo kwa hewa, na angalia kompyuta inaongeza petroli asilimia ngapi. Ikiwa imeongeza zaidi ya 10 ikiwa imesimama na inarudi karibu na sifuri ukishika mizunguko 2,500, hiyo ni hewa. Kikumi haina hiyo soketi ya kisasa, lakini iko na kile kiboksi cheusi chini ya boneti, unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa waya, unafungua swichi bila kuwasha, halafu unahesabu taa ya cheki injini inavyokonyeza. Mbili, inapumzika, tano, hiyo ni 25, yaani petroli ni kidogo kwa hewa.

Kwa petroli: asubuhi kabla ya kuwasha, futa shingo za injekta na karatasi nyeupe. Halafu tia pampu presha (nimeeleza huko chini) na umulike na tochi. Tochi ya simu inatosha. Kiberiti hapana, na nasema hivi kwa sababu watu wanafanya.

Nibadilishe ile moja inayovuja ama zote?

Zote. Zimezaliwa siku moja, zimepikwa kwa sufuria moja. Ukishatoa reli zile zingine zimeshasumbuliwa pale zilipokuwa zimelala miaka yote, na raba ngumu ikishaondolewa kwa nafasi yake haikubali kuziba tena vile ilivyokuwa. Utabadilisha moja Jumatatu, Ijumaa jirani yake inavuja.

Nanunua wapi, na nitajuaje kama ni nzuri?

Kwa Kampala watu wanaenda Kisekka ama Ndeeba, na miji kama Mbale, Mbarara na Arua iko na maduka ya spea yanayoweza kukuagizia. Nenda na vitu viwili: namba ya injini yako (si jina la gari tu, maana Premio moja inaweza kuwa na injini tofauti kabisa na Premio ingine), na raba zako za zamani kwa kavera (mfuko wa plastiki). Lakini usimwache muuzaji apime unene kwa ile ya zamani peke yake, maana ile imeshabanwa miaka mingi, imekuwa bapa. Raba mpya inatakiwa kuonekana nene kidogo kuliko ya zamani, ndivyo inavyoziba.

Kuna aina mbili utasikia. Moja ni naitrili, hii ndiyo nyeusi ya kawaida, inavumilia petroli vizuri na ni ya bei nafuu. Nyingine ni Viton, inavumilia joto zaidi na ethanoli zaidi, na kwa gari inayoshinda kwa jam hiyo ndiyo ningeweka bila kufikiri mara mbili. Mara nyingi inakuja ya kahawia ama kijani, lakini rangi si ushahidi, mtu anaweza kutengeneza raba ya rangi yoyote. Nunua iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji na namba ya spea.

Usichukue oringi kutoka kwa lile boksi la oringi mchanganyiko la mafundi wa bomba la maji. Inaingia, inakaa, inaonekana sawa kabisa, halafu petroli inaivimbisha na ndani ya muda mfupi imekuwa laini kama ugali. Na usinunue raba za injekta zilizotolewa kwa injini ya mtumba, hata kama anakwambia injini imetoka Japani juzi.

Nahitaji vifaa gani?

Spana za soketi 10 na 12 kwa Toyota nyingi, spana ya bolti ya bomba la petroli, koleo, brashi, vitambaa safi, tochi, wosha mpya za ile bolti ya petroli, na kizima moto cha unga. Kizima moto kiwe karibu na mkono wako, si kwa buti chini ya mizigo. Maji hayazimi petroli, yanaieneza. Fanya kazi nje ama mahali penye hewa, na yule jirani anayevuta sigara mwambie kwa heshima asogee.

Natoaje presha ya petroli kabla ya kufungua?

Hii hatua usiiruke hata kama fundi anasema yeye amezoea. Injini iwe imepoa, ikiwezekana imelala usiku. Toa fyuzi ama rilei ya pampu, ama chomoa soketi ya pampu ambayo kwa Toyota nyingi iko chini ya kiti cha nyuma. Washa injini, itanguruma kidogo na kuzima yenyewe ikimaliza petroli iliyobaki kwa reli. Piga stata tena sekunde chache. Halafu toa waya hasi ya betri. Ukifungua bolti ya bomba la petroli ifunike na kitambaa na uilegeze polepole, maana lazima kuna kidogo imebaki. Kile kitambaa kilicholowa kipeleke mbali, usikitupe chini ya gari.

Sawa, kazi yenyewe inaendaje?

Kwanza safisha. Kabla ya kugusa injekta, piga upepo wa kompresa ama sugua na brashi pale zinapoingia, kwa sababu vumbi letu hili jekundu limejaa pale na mchanga, na ukivuta injekta bila kusafisha yote yanaanguka moja kwa moja kwa mlango wa valvu. Mchanga ndani ya silinda ni hasara ambayo hakuna raba mpya inaweza kuirudisha. Nimeona kazi nyingi za injekta na nasema hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Toa bomba la hewa na chochote kilichoziba njia. Chomoa soketi za waya za injekta, taratibu, bonyeza ile klipu mpaka mwisho kabla ya kuvuta, maana plastiki ya miaka 25 inavunjika kama biskuti, na usivute waya. Weka alama 1 mpaka 4 kwa injekta na kwa soketi. Fungua bolti za reli. Chini ya reli kwa Toyota kuna vispesa vidogo, saa ingine vya plastiki, vinaanguka bila sauti, viangalie kabla ya kunyanyua. Halafu vuta reli juu ikiwa sawasawa pande zote mbili, ukitikisa kidogo kidogo. Usipige na nyundo, usiingize bisibisi kubwa ukapembua dhidi ya plastiki ya injekta.

Injekta zingine zitatoka na reli, zingine zitabaki chini, yote ni sawa. Chungulia kila shimo la manifoldi, mara nyingi raba ya chini imebaki mle, imekauka, imeshika kama sehemu ya alumini. Itoe yote, vipande vyote, usiisukume ndani. Ukimaliza ziba mashimo na vitambaa safi, vikubwa vya kutosha visiweze kuzama.

Kutoa oringi kwa injekta tumia kijiti cha mbao ama kitu cha plastiki. Bisibisi ya chuma inachora ule mfereji na oringi mpya haitaziba juu ya mchoro. Ikiwa imeshika sana ikate kwa wembe ukikata kuelekea juu, mbali na chuma. Zikumbuke zimekaa kwa mpangilio gani, piga picha na simu kabla. Kile kikofia kidogo cha plastiki cha mdomo wa injekta usikitoe kama huna kipya. Futa kila mfereji, futa ndani ya vikombe vya reli, ukiona kutu ama mkwaruzo ndani ya kikombe hapo umepata jibu kwa nini ile injekta ilikuwa inavuja mapema kuliko wenzake.

Weka raba mpya, zipake oili kidogo, zisukume injekta kwa reli kwa kuzungusha, usizisukume kwa nguvu moja kwa moja kwa sababu oringi itajikunja ama kukatwa ukingoni. Ikishaingia, izungushe na mkono kushoto na kulia. Inatakiwa kuzunguka laini. Ikikwama, itoe, oringi imelala vibaya. Hiki kipimo cha kuzungusha ni kidogo sana na kinaokoa watu, rudia tena baada ya kuweka reli kwa manifoldi lakini kabla ya kukaza bolti. Soketi za waya ziangalie juu. Kaza bolti kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, na usitumie mkono mrefu, ile ni alumini, kwa Toyota nyingi ni kama Nm 15 mpaka 20 tu. Wosha za bolti ya petroli weka mpya pande zote mbili.

Nipake nini kwa raba? Fundi wangu anataka kuweka silikoni.

Oili safi ya injini, tone moja kwa kidole, ama petroli yenyewe. Basi.

Silikoni ile ya kwa mrija, nyekundu ama nyeusi, hapana kabisa. Petroli inaitafuna, inatoka vipande vipande, na vipande vya juu vinaenda kwa injekta na kuiziba, vya chini vinaenda kwa valvu. Fundi anaipenda kwa sababu siku ile anayokukabidhi gari inaonekana imeziba. Supagluu, teipu ya fundi bomba, na ile ya kurudisha raba ya zamani ukiigeuza upande wa pili, zote ni familia moja. Kama raba mpya haizibi bila kusaidiwa, ama si saizi yake ama reli imekwisha, tafuta ni kipi.

Nitajuaje haivuji kabla ya kuwasha injini?

Rudisha fyuzi ya pampu na betri. Gari za kisasa ukifungua swichi pampu inanguruma sekunde mbili na kukata, rudia mara kadhaa mpaka presha ijae. Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo, pampu inasubiri stata, kwa hiyo kwa kile kiboksi cheusi chini ya boneti unganisha +B na FP kwa waya, fungua swichi, na pampu itafanya kazi injini ikiwa imezima. Fanya muunganiko kabla ya kufungua swichi ili cheche isitokee karibu na petroli. Sasa mulika kila shingo, gusa na kidole kikavu, nusa, ngoja dakika chache, gusa tena. Kavu kabisa ndiyo jibu pekee. "Imelowa kidogo tu" ni kuvuja.

Ikiwa kavu, toa ule waya, washa, angalia tena, na uangalie mara ya tatu injini ikishapata moto na ikishapoa.

Nimeshazitoa, nizisafishe injekta pia?

Ndiyo, hapo umeshalipa kazi kubwa. Juu ya kila injekta kuna kichujio kidogo sana, na gari inayonunua petroli ya chupa na jerikeni utakikuta kimejaa uchafu. Mtu mwenye mashine ya kupima anaweza kukuonyesha kama zote 4 zinapuliza sawa na kama kuna inayodondosha ikiwa imefungwa. Pima pia ukinzani wa umeme wake kwa mita, za Toyota nyingi za wakati ule zinasoma kama ohm 13 ama 14, na kitu muhimu ni zote zifanane. Usizipe umeme wa betri moja kwa moja kwa muda mrefu, zinaungua. Na badilisha kichujio kikubwa cha petroli siku hiyohiyo, ama uchafu utarudi palepale.

Nimebadilisha zote na gari bado inatetemeka, nimepoteza pesa?

Hapana, raba zilikuwa zinahitaji kubadilishwa hata hivyo. Lakini hewa ina milango mingi: gasketi ya manifoldi, bomba la buusta ya breki, vibomba vidogo vya vakyumu vilivyopasuka chini ambapo macho hayafiki, bomba kubwa la hewa lenye ufa pale linapokunjika. Rudi na chupa yako ya maji na utembee kote. Kama hakuna hewa angalia plagi na koili. Angalia pia kama umerudisha soketi zote za injekta mpaka zilie tik, moja ikiwa imelegea silinda nzima inalala.

Yangu ni D-4 ama GDI, ni kazi ileile?

Si ileile, tafadhali usiiguse kwa maelezo haya. Noah na Premio za injini ya 1AZ-FSE, na Mitsubishi za GDI, zinapuliza petroli ndani ya silinda yenyewe, presha inaweza kupita bar 100, na petroli ya presha hiyo inaweza kupenya ngozi ya mkono. Sili za chini ni za tefloni, zinavishwa kwa kifaa maalum na kubanwa zirudi saizi yake kabla ya kuingia, huwezi kuzivalisha na vidole. Tafuta fundi aliye na hicho kifaa, mwambie akuonyeshe kabla hujamwachia gari.

Na dizeli?

Dizeli za kawaida haina oringi ya namna hii chini, ina wosha ya shaba inayozuia moto wa silinda usipande juu. Nataka nizungumzie injini ya 1KD, ile ya Prado, Hilux, Surf na drone (zile Hiace) nyingi, kwa sababu huko hii wosha ndogo imeua injini kubwa. Wosha ikiisha moshi wa silinda unapita pembeni ya injekta na kuingia kwa oili, masizi yanakusanyika kwa sampu (bakuli la oili chini ya injini), yanaziba kile kichujio cha kuvuta oili, presha ya oili inashuka na injini inajifunga. Mwenye gari anaambiwa "oili ilikuwa mbaya". Ukisikia mlio wa puff puff asubuhi kabla injini haijapata moto, ama oili inakuwa nyeusi na nzito haraka sana baada ya sevisi, kagua wosha za injekta, na ushushe sampu uangalie kile kichujio. Wosha ya shaba ni ya kutumika mara moja, hata ikionekana nzuri.

Nikimpelekea fundi, nimuulize nini?

Muulize anatoaje presha. Akisema "nafungua tu polepole" mshukuru na uende kwa mwingine. Nunua raba mwenyewe ukiweza, ama uzione kabla hazijaingia. Mwambie unataka za zamani zote urudishiwe mkononi, za juu, za kati na za chini, kwa sababu za chini ndizo zinaachwa, hakuna anayeziona. Uwepo wakati anajaribu presha, na umulike wewe mwenyewe.

Kwa mtu aliyezoea kikumi ni kazi ya asubuhi moja. Injini zenye manifoldi iliyofunika reli, kama za V6, ni siku nzima, na bei yake itapanda kwa haki, usimlalie fundi wa watu.

Baada ya hapo nikague lini?

Nusa kila asubuhi kwa wiki ya kwanza kabla ya kupiga stata, boneti ikiwa wazi. Halafu kila sevisi ya oili mulika zile shingo na upitishe kidole. Raba nzuri ikiwekwa vizuri inaweza kukaa miaka mingi bila kukusumbua, lakini ukisikia harufu siku yoyote, hata baada ya mwezi mmoja, zima gari kwanza ndiyo utafute inatoka wapi.